Vielezi vya Hisia Kali katika Sentensi za Kiswahili

1. Utangulizi

Kielezi ni neno au fungu la maneno linalotoa taarifa zaidi kuhusu kitenzi, kivumishi au kielezi kingine. Kwa kawaida vielezi hugawanywa kulingana na swali vinalolijibu: wapi, lini, mara ngapi, vipi. Sura hii inahusu sehemu ndogo ya kundi la mwisho, yaani vielezi vinavyoeleza hisia kali inayoambatana na tendo: hasira, huzuni, furaha, hofu, shauku, mapenzi na nyinginezo.

Sehemu hii imetengewa sura yake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiisimu. Mwanafunzi wa Uganda hukutana na Kiswahili akiwa tayari na lugha ya mama na Kiingereza. Katika Kiingereza amezoea kuunda kielezi cha hisia kwa neno moja lenye kiambishi tamati kimoja, kama ilivyo katika "angrily", "sadly" na "happily". Anapoandika Kiswahili hutafuta neno moja la kujazia nafasi hiyo, na akilikosa hutumia "sana" kila mahali. Matokeo yake ni insha ambayo ndani yake watu wote hufurahi sana, hulia sana na hukasirika sana, bila msomaji kuona tofauti ya mmoja na mwingine.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Wananchi wengi wa Uganda walikisikia Kiswahili kwanza kama lugha ya amri. Kilitumika katika jeshi la wakoloni la King's African Rifles na kikaendelea kutumika jeshini baada ya uhuru. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika kumbukumbu za watu wengi lugha hiyo ikafungamana na mtutu wa bunduki. Tangu hapo mambo yamebadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa ngazi ya chini ya sekondari, ulioanza mwaka 2020, ulikifanya kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, sheria inaweza kumweka mwanafunzi darasani, lakini haiwezi kumfanya aiamini lugha. Mtu huiamini lugha anapogundua kwamba anaweza kuitumia kusema yaliyo moyoni mwake. Kwa hiyo, mwalimu tarajali, usiyachukulie yafuatayo kama pambo la insha.

Tutaongozwa na maswali matatu: hisia ni ya nani? Hisia inahusianaje na tendo? Na kiasi chake ni kipi?

2. Hisia ni ya nani?

Katika sentensi moja huweza kuwapo hisia ya mtenda, yaani anayetajwa na kiima, au hisia ya msemaji, yaani anayetoa habari. Kiingereza huweza kutumia neno lilelile kwa zote mbili na kutegemea nafasi yake katika sentensi. Neno "sadly" likitangulia sentensi, huzuni kwa kawaida huwa ya msemaji. Likifuata kitenzi, huzuni huwa ya mtenda. Kiswahili hutenganisha hisia hizi kwa muundo. Linganisha:

(1) a. Mlinzi aliondoka kwa huzuni.
b. La kusikitisha ni kwamba mlinzi aliondoka.

Katika (1a) mwenye huzuni ni mlinzi. Katika (1b) mlinzi huenda aliondoka akipiga mluzi. Anayesikitika ni msemaji. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kiingereza huihamisha huzuni ya msemaji kwa kulitanguliza fungu la "kwa", akaandika:

(2) *Kwa masikitiko makubwa, mwizi alitoroka.

Msomaji wa sentensi hii atauliza mwizi alisikitikia nini. Fungu "kwa masikitiko makubwa" hutafuta mwenyewe katika kiima, na kiima hapa ni mwizi. Ndiyo maana tangazo la msiba husema "Kwa masikitiko makubwa, tunatangaza kifo cha mzee wetu" bila utata wowote: anayetangaza na anayesikitika ni mtu mmoja, naye anabebwa na kiambishi "tu-". Hisia ikiwa ya msemaji na tendo likiwa la mtu mwingine, tumia "la kusikitisha ni kwamba", "la kushangaza ni kwamba", "inatia uchungu kwamba" au "kwa bahati mbaya". Fungu hili la mwisho huanza na "kwa", lakini halitaji hisia ya mtu yeyote; linalipima tukio. Kwa hiyo halina hatari iliyomo katika (2).

Utata wa mwenye hisia hujitokeza pia pale wahusika wawili wanapochukua kiambishi kimoja cha nafsi:

(3) Mama alimkuta mtoto akiwa na hasira.

Aliyekasirika ni mama au mtoto? Sarufi inaruhusu majibu yote mawili, kwa sababu "a-" ya "akiwa" inaweza kurejelea yeyote kati yao. Mwandishi akikusudia mama, na aseme "Mama, akiwa na hasira, alimkuta mtoto". Akikusudia mtoto, anaweza kusema "Mama alimkuta mtoto amekasirika". Nafsi zikitofautiana utata hutoweka: "Nilimkuta akilia" na "Nilimkuta nikilia" haziwezi kuchanganywa.

3. "Kwa" au "na"?

Njia ya kawaida ya kuunda kielezi cha hisia ni kuweka kihusishi "kwa" mbele ya nomino ya hisia: kwa hasira, kwa ghadhabu, kwa furaha, kwa bashasha, kwa huzuni, kwa majonzi, kwa hofu, kwa shauku, kwa uchungu. Hapa ndipo lugha ya mama humtega mwanafunzi wa Kampala. Kiganda hutumia "na" mahali ambapo Kiswahili hutumia "kwa": Yayogera n'obusungu. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiganda huandika:

(4) a. *Alisema na hasira.
b. Alisema kwa hasira.

Kwa masikio ya mzawa wa pwani, (4a) inaifanya hasira kuwa mtu aliyeketi na kuzungumza na msemaji. Kosa hili halisahihishwi kwa kumwambia mwanafunzi kwamba "na" haifai kamwe, kwa sababu kesho atasoma "alikuwa na hasira" na "alishikwa na hasira", naye atakuona umempotosha. Mpe kanuni kamili:

"Na" hutumika baada ya kitenzi "kuwa" chenye maana ya kumiliki, na baada ya vitenzi vinavyoonyesha kwamba hisia ndiyo iliyomvamia mtu: alishikwa na hasira, alijawa na furaha, aliingiwa na hofu, alipatwa na huzuni. "Kwa" hutumika baada ya kitenzi ambacho mtu mwenyewe analitenda tendo: alisema, aliandika, alimpokea, aliufunga mlango.

Kutokana na kanuni hiyo hupatikana tofauti muhimu ya maana:

(5) a. Alijibu kwa hasira.
b. Alijibu akiwa na hasira.

Katika (5a) hasira imo katika jibu lenyewe, aliyesikia aliihisi. Katika (5b) hasira imo ndani ya mtu, na huenda jibu halikuionyesha. Jaribio lake ni rahisi. Sentensi "Alijibu kwa upole akiwa na hasira" inakubalika, na inamsifu mtu aliyejizuia. Sentensi "Alijibu kwa upole kwa hasira" inajipinga. Mwanafunzi akiielewa tofauti hii, ameipata nyenzo ya kumchora mtu anayeficha yaliyo moyoni.

Kiambishi "ki-" nacho huunda vielezi vya namna, lakini huonyesha mfanano zaidi kuliko hisia yenyewe. "Alilia kitoto" maana yake alilia kama mtoto. "Alimtazama kimapenzi" inaeleza namna ya kutazama. Haithibitishi kwamba mapenzi yenyewe yapo. Anayetaka kusema yapo atasema "alimtazama kwa mapenzi".

4. Namna au sababu?

Fungu la "kwa" na nomino ya hisia halijibu swali la "vipi?" peke yake. Mara nyingine hujibu "kwa nini?":

(6) a. Alisoma barua kwa hofu.
b. Alitetemeka kwa hofu.

Katika (6a) hofu ni namna ya kusoma. Katika (6b) hofu ndiyo iliyosababisha kutetemeka. Unaweza kusema "kwa sababu ya hofu" bila kuharibu maana. "Alilia kwa furaha" ni ya aina hii ya pili, na ndiyo maana haitushangazi kwamba kilio na furaha vimekaa pamoja.

Tofauti hii hukolea katika ukanushi. "Hakuondoka kwa hasira" ina tafsiri mbili: aliondoka, ila si kwa namna ya hasira, au hakuondoka, na kilichomzuia ni hasira. Katika mazungumzo, muktadha na mkazo wa sauti huondoa utata. Katika maandishi mwalimu amfundishe mwanafunzi kuchagua: "Aliondoka bila hasira" kwa maana ya kwanza, na "Kwa sababu ya hasira, hakuondoka" kwa maana ya pili.

5. Hisia inayoonekana mwilini

Kiswahili kina hazina nyingine ambayo kamusi ya Kiingereza na Kiswahili haitamwonyesha mwanafunzi akitafuta neno kwa neno. Lugha huuchukua mwili na kuufanya kielezi. Mtu hukubali shingo upande anapokubali bila kuridhika. Husafiri roho mkononi anapohofia maisha yake. Huondoka kichwa chini baada ya kuaibishwa. Hubaki kinywa wazi kwa mshangao. Humpokea mgeni kwa mikono miwili anapomfurahia. Mafungu haya ni ya kudumu, na mengi hayahitaji kihusishi. Yafundishwe yakiwa mazima, pamoja na vitenzi yanavyopenda kuandamana navyo.

Kundi la pili ni vielezi viigizi, yaani vile vinavyoiga sauti au hali: alicheka kwakwakwa, alilia kwikwikwi, akanyamaza jii, macho yakamtoka pima. Kila kiigizi kina kitenzi chake au jamaa chache za vitenzi. Mahali pake ni hadithi, masimulizi na mazungumzo. Katika barua rasmi au taarifa ya mkutano kitachekesha pasipostahili kicheko.

Kundi la tatu ni kishazi chenye "-ki-": aliingia akilia, alimkaribia akitabasamu, alizungumza huku akitetemeka. Kishazi hiki hakitaji hisia. Humwonyesha msomaji tendo la mwili na kumwachia aitambue hisia mwenyewe. "Alimpa mkono akitetemeka" inaweza kuwa hofu, ghadhabu au furaha iliyozidi. Mwandishi mzuri huutumia uhuru huo kwa makusudi.

6. Kiasi cha hisia

Baada ya kujua hisia ni ya nani na inahusianaje na tendo, mwanafunzi aulize ni kali kiasi gani. Vielezi vya kiasi ni sana, mno, ajabu, kabisa, kupindukia na kupita kiasi. Havilingani. "Sana" huongeza kiwango tu. "Mno" hudokeza kwamba kiwango kimevuka kile cha kawaida. "Kupindukia" na "kupita kiasi" husema waziwazi kwamba mpaka umevukwa, na mara nyingi huwa na lawama ndani yake.

Nafasi ya "sana" hubadilisha maana. "Alisema sana kwa hasira" ni kusema maneno mengi; "alisema kwa hasira kali" ni ukali wa hasira. Hisia inapotajwa kwa nomino, njia iliyo salama ni kuipa nomino hiyo kivumishi, nacho lazima kifuate ngeli: hasira kali, furaha kubwa, uchungu mwingi, majonzi mengi, masikitiko makubwa. Makosa kama "*uchungu nyingi" na "*majonzi kubwa" hutokea mara kwa mara kwa sababu mwanafunzi amelikariri fungu kama neno moja, akasahau kwamba ndani yake mna nomino yenye ngeli yake.

Kuna mitego miwili ya tafsiri. Kiganda hukariri "nnyo nnyo" kuongeza nguvu, na mwanafunzi huleta "sana sana". Katika maongezi utawasikia watu wakikariri hivyo, lakini katika maandishi "sanasana" huelekea kumaanisha "hasa": "Wanalima ndizi, sanasana sehemu za mlimani". Mtego wa pili ni wa Kiingereza. Neno "terribly" limetokana na neno la kutisha, lakini leo huongeza kiasi tu. Mwanafunzi akilitafsiri katika barua ya rambirambi atamwandikia mfiwa "*Nimesikitika vibaya", naye mfiwa ataona masikitiko yasiyofaa. Kiswahili husema "nimesikitika mno", "nimepokea habari hizi kwa majonzi makubwa", au "pole sana". Kosa la sarufi katika insha hupunguza alama. Kosa hilohilo mbele ya mfiwa humwongezea maumivu.

Mwisho, mwanafunzi akumbuke kwamba kitenzi hutangulia kielezi. Vitenzi kama foka, ghadhibika, hamaki, shangilia na omboleza tayari vimebeba hisia. "Alifoka kwa hasira" haina taarifa mpya baada ya neno la kwanza. Kielezi kinahitajika pale kinapoongeza jambo au kulipinga: "Alifoka kwa hofu" inatuambia mengi, kwa kuwa hatukuitarajia hofu hiyo.

7. Mfano wa somo: darasa la Mbuya

Mbuya ni kilima cha mashariki mwa Kampala. Huko kuna makao makuu ya jeshi na hospitali ya jeshi. Darasa la shule iliyo jirani na kilima hicho huweza kuwa na watoto wa askari, wanaokisikia Kiswahili nyumbani, pamoja na watoto wanaokisikia shuleni tu. Wa kwanza hukitamka bila woga, lakini vielezi walivyozoea ni vile vinavyofuatana na amri: haraka, upesi, mara moja, kimya. Wa pili wana kanuni daftarini na hawathubutu kusema. Somo la vielezi vya hisia huwakutanisha, kwa sababu hakuna kundi lililolimiliki tayari.

Anza na tukio moja lenye uzito. Majeshi ya Uganda yamehudumu nchini Somalia tangu mwaka 2007, na watoto wengi wa kambini wanajua maana ya mzazi kurudi baada ya miezi mingi. Andika ubaoni sentensi tupu: "Mtoto alimpokea baba yake." Kisha waulize wanafunzi, mtoto huyu ni nani? Yule aliyehesabu siku alimpokea kwa mikono miwili, au alimpokea akilia kwa furaha. Yule aliyekuwa mchanga baba alipoondoka alimpokea kwa hofu, kwa kuwa hamjui. Yule aliyekasirishwa na kutokuwapo kwake alimpokea shingo upande. Yule aliyefundishwa kuficha machozi alimpokea kwa utulivu, akiwa na furaha kubwa moyoni. Tendo ni moja, watoto ni wanne, na kilichowatofautisha ni kielezi.

Zingatia tahadhari mbili. Tumia nafsi ya tatu. Usimlazimishe mwanafunzi kusimulia ya nyumbani kwake, maana darasani huenda yumo ambaye mzazi wake hakurudi. Pili, usisahihishe hisia, sahihisha muundo. Mwanafunzi akiandika "*alimpokea na hasira", mrudishe kwenye kanuni ya "kwa" na "na", lakini hasira ya mtoto huyo iache ilivyo. Ukiifuta na kuweka furaha kwa sababu unaiona inafaa zaidi, utakuwa umemfundisha kwamba Kiswahili bado ni lugha ya kupokea amri.

8. Muhtasari

Kielezi cha hisia kali katika Kiswahili si neno moja bali ni uchaguzi wa muundo. Hisia ya mtenda huelezwa kwa "kwa" na nomino, kwa mafungu ya mwili, kwa viigizi au kwa kishazi chenye "-ki-". Hisia ya msemaji huelezwa kwa miundo kama "la kusikitisha ni kwamba". "Na" hufuata kumiliki na kuvamiwa; "kwa" hufuata kutenda. "Kwa" huonyesha ama namna ama sababu, na ukanushi huhitaji uangalifu. Kiasi huongezwa kwa kielezi baada ya kitenzi au kwa kivumishi kinachofuata ngeli ya nomino.

Mazoezi

1. Eleza tofauti ya maana kati ya "Aliufunga mlango kwa hasira" na "Aliufunga mlango akiwa na hasira". Tunga sentensi moja ambayo ya pili inawezekana lakini ya kwanza haiwezekani.

2. Sahihisha, kisha ueleze kanuni iliyovunjwa: (a) *Walituaga na huzuni. (b) *Alizungumza kwa majonzi kubwa. (c) *Kwa masikitiko makubwa, mvua iliharibu mazao.

3. Taja tafsiri mbili za "Hakuimba kwa furaha", kisha uandike kila moja kwa sentensi isiyo na utata.

4. Chagua sentensi moja ya Kiganda, au ya lugha nyingine ya wanafunzi wako, yenye kielezi cha hisia. Onyesha kosa ambalo mwanafunzi anaweza kulileta katika Kiswahili na namna utakavyolisahihisha.

5. Andika barua ya rambirambi ya maneno 120 kwa mwalimu mwenzako bila kutumia neno "sana" zaidi ya mara moja.